Mkague na mzigo, siyo breki tu

Habari inasema malori ya mafuta yatakaguliwa breki barabara ya Morogoro–Dodoma. Jambo jema sana, ila naomba wahusika waulize na kilichomo ndani ya tenki ni kiasi gani. Tenki lenye mafuta nusu ni gumu kuliko lililojaa: ukikata kona mafuta yanahamia upande mmoja, ukishika breki yanakuja mbele na kulisukuma lori. Ndiyo maana matenki hugawanywa vyumba na kuwekewa kuta zenye matundu. Dereva aliyeshusha sehemu ya mzigo Dodoma, akaendelea Singida hadi mteremko wa Sekenke, hana tena gari lile alilotoka nalo Dar. Lazima apunguze mwendo kabla ya kona, siyo akiwa ndani yake.

Mizigo mikavu nayo tunaisahau. Sianidi ya sodiamu, kemikali ya sumu inayotumika kwenye migodi ya dhahabu, ikimwagika msiimwagie maji, inaweza kutoa gesi inayoua. Kibao cha rangi ya chungwa kwenye gari kina namba: 1203 ni petroli, 1689 ni hiyo sianidi. Wauza mahindi wa Kibaigwa na bodaboda wa Gairo wafundishwe kuisoma, maana wao ndio hufika kwanza. Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilianguka na kulipuka, wakafa watu zaidi ya 100 baada ya wengi kukimbilia petroli iliyomwagika. Ndugu zangu, lori likianguka kaeni mbali, upande upepo unakotokea, msiwashe pikipiki, pigeni 114 ya Zimamoto na muwasomee namba ile ya kibao.