Nusu ya Kazi Umeifanya Wewe, Bei Bado Nzima

Jamani, nani alianzisha huu uongo kwamba kusuka ni shughuli ya siku moja? Msusi kasema njoo Jumamosi saa 3 asubuhi. Sawa. Ila hasemi kwamba ili hiyo saa 3 ukae kwenye kiti chake, wewe uanze kibarua tangu Jumatano, bila posho, bila chai, na ukifika bei ni ileile.

Jumatano ni ya makubaliano. Unatuma picha ya notlesi, zile rasta zisizo na fundo, uliyoitoa mtandaoni: dada ana nywele zake mwenyewe hadi mabegani, kapigwa kwa mbele tu, taa zimewashwa. Msusi anajibu "sawa mpenzi". Usishangilie, "sawa mpenzi" si mkataba. Ukimwambia unataka za kati, ujue kila msusi kuanzia Sinza hadi Mbagala ana kati yake. Sema unene wa penseli, au wa mrija wa soda, hapo mtaelewana. Taja zinaishia wapi mgongoni. Uliza bei imebeba nini, maana kusuka kuna bei yake, kufumua kuna yake, kuosha kuna yake, na rasta, zile nywele za paketi, ni za nani hakuna anayesema mpaka aulizwe. Halafu mtumie na picha ya kichwa chako kilivyo, bila aibu. Notlesi inaanza na nywele zako zenyewe, rasta inaongezwa kidogokidogo kadiri vidole vinavyoshuka. Kama nywele hazifiki hata urefu wa kidole gumba, vidole havina pa kushika, na habari hiyo utapewa ukiwa umeshakaa.

Kisha dukani. Kariakoo rasta zimening'inia ukutani nyeusi tupu, na wewe kwa ujinga wetu wa siku zote unadhani nyeusi ni nyeusi. Nyeusi ina namba, mama! Namba 1 ni nyeusi tititi. Namba 1B ni nyeusi iliyopoa, karibu na nywele zetu wengi. Chini ya taa za dukani ni mapacha. Zitoe nje juani, kila mmoja ana baba yake. Angalau rangi nyingine zina adabu: 27 ni ya asali, 33 ni kahawia yenye wekundu, hata mwenye usingizi hawezi kuzichanganya. Kwa unene wa kati mpaka katikati ya mgongo, hesabu paketi 5 au 6. Nyembamba za kiunoni zinakula 8 na zaidi. Msusi atakwambia 5 zinatosha kabisa. Nunua na 1 ya akiba, palepale, kampuni ileile, namba ileile.

Unafikiri umemaliza? Rasta nazo zinataka kuogeshwa. Nyingi zinatoka kiwandani zimepakwa kitu ambacho kichwani kinageuka upupu. Ndiyo maana mtu kasukwa jana, leo kwenye daladala anajipiga makofi utosini kama ana ugomvi na nafsi yake. Beseni la maji vuguvugu, kikombe 1 cha siki, hata ile nyeupe ya kachumbari, zamisha rasta nusu saa. Utaona utando mweupe unaelea juu. Suuza, anika kivulini. Lakini ole wako ulitoe lile raba lililozibana, utaokota fungu moja kubwa kama kiota cha kunguru. Majirani wakiona mikia meusi inaning'inia kwenye kamba pamoja na shuka, waache waulizane.

Zikikauka, kuchambua. Shika fungu katikati, vuta vinywele vichache kutoka kila ncha ili urefu upishane, ndipo rasta ikiishia inakuwa nyembamba yenyewe. Zisipochambuliwa zinaishia butu kama ufagio wa chooni. Kazi hii zamani ilikuwa ya wasichana wa saluni. Siku hizi unaulizwa kwa mshangao: "Kha, hukuzichambua?" Kama vile umekuja kwenye harusi bila kanga.

Alhamisi usiku ndiyo msiba wenyewe: kufumua za zamani. Pima nywele zako zinaishia wapi ndani ya rasta, shuka chini ya hapo vidole 3, ndipo ukate. Usikate huku unatazama tamthilia. Kila mkasi uliowahi kula nywele za mtu, mwenyewe alikuwa anatazama tamthilia. Tumia ncha ya chanuo la mkia, anzia chini, panda juu. Ukifika shinani utakuta kile kijivu kimekaa kama kidonge: vumbi, mafuta, jasho na nywele zilizonyonyoka zikakosa njia ya kutoka. Kisugue kwa vidole na tone la kondishena mpaka kiachie, halafu chana kwa chanuo pana kuanzia nchani. Yote haya kabla ya maji. Ukikimbilia bombani kikiwa bado kipo, maji yanakikaza, linakuwa fundo la kutolewa kwa mkasi. Na ukiona rundo la nywele sakafuni usipige simu kwa mama kumwambia umerogwa. Kichwa huangusha kama nywele 50 hadi 100 kwa siku. Ulikaa na rasta wiki 6, siku 42, zidisha mwenyewe: ni zaidi ya 2,000 zilizokuwa zimefungiwa humo ndani.

Ijumaa unaosha. Shampuu mara 2 kwenye ngozi, kondishena kwenye nywele, suuza. Kisha draya, ukianzia nchani, mpaka zinyooke. Hapo ndipo LUKU inapolia. Ukiuhurumia umeme, basi gawa nywele mabutu 8 zikiwa na unyevu, lala nayo, asubuhi utaamka zimenyooka za kutosha. Sasa sikiliza, hapa wengi wanajiponza: usipake mafuta. Unaona nywele safi, roho inakusukuma ukachote mafuta ya nazi. Acha! Nywele zikiteleza msusi hashiki, rasta inachuruzika, na yeye kwa kulipiza anavuta mara mbili.

Jumamosi vaa shati la vifungo. Kwanza mwisho wa kazi rasta zinachovywa kwenye maji ya moto ili zitulie, pili fulana haipiti kwenye kichwa chenye paketi 6 mbichi. Beba kanga nzito ya kukinga mgongo na hayo maji, mto wa kukalia, na chaji yako, kwa sababu soketi za saluni ni 2, moja ya draya, nyingine ya simu ya mwenye saluni. Kula ushibe. Notlesi za kati zinakula muda wa saa 5 au 6 hata msusi asipopokea simu, na atapokea. Hiyo saa 3 uliyoambiwa utafika umkute fundi anasema "namalizia huyu", na huyo mwenyewe ana mistari miwili tu kisogoni.

Wanasema ukitaka uzuri sharti udhurike. Aliyesema hivyo bila shaka alikuwa msusi. Akifika mbele, jaribu kupandisha nyusi. Zikigoma, au ukiona vipele vyeupe vinachomoza kwenye shina, mwambie afungue alegeze sasa hivi, usimwonee haya. Panadol ya usiku itatuliza kichwa, lakini nywele za kwenye paji zikivutwa kila mwezi zinahama na hazirudi.

Saa 11 jioni. Kumebaki kiraka juu ya sikio la kulia, kama mistari 6. Msusi anaingiza mkono kwenye mfuko wa rasta, anapapasa, anautoa mtupu. Ile paketi ya akiba hukununua, maana si mwenyewe alisema 5 zinatosha kabisa?

"Dada, rasta zako zimeisha."

Zangu! Mtoto wa saluni anatumwa duka la jirani. Anarudi anahema, paketi mkononi.

"Namba 1 hawana. Wamenipa hii 1B, wamesema ni ileile."