Baiskeli ya Mzee

Baba yangu hatupi kitu. Aliajiriwa enzi za East African Railways, kabla Jumuiya haijavunjika mwaka 1977, na kila karatasi aliyopewa na Reli bado anayo: barua za uhamisho kutoka Tororo kuja Jinja, hati za mshahara, tiketi za treni zile ngumu za kadibodi. Ana hata noti za mwaka 1973 zenye uso wa Amin, ambazo leo hazinunui hata njugu. Vyote vimelala ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda. Basi wazee walipokaribia kutimiza miaka 50 ya ndoa, sisi watoto tukagawana kazi. Mmoja alete mbuzi, mwingine alipie hema na viti, na mimi, kwa kuwa mfuko wangu ulikuwa mkavu, nitengeneze kitabu cha kumbukumbu.

Wakadhani nimepewa kazi nyepesi. Kwanza picha nyingi za miaka ya 1980 zilikuwa kwenye zile albamu za kurasa zenye gundi, zinazofunikwa na nailoni. Gundi ile ikishazeeka haiachii. Ukivuta kwa kucha unabaki na kichwa mkononi na kiwiliwili ukurasani. Dawa yake ni uzi wa kushonea: unaupenyeza nyuma ya picha, unashika ncha zote mbili, unasugua huku na huku polepole kama mwenye duka anavyokata mche wa sabuni. Picha inatoka nzima. Nilimwokoa hivyo marehemu bibi na wajukuu wake wote, isipokuwa mmoja aliyepoteza sikio.

Makaratasi mazito meusi niliyapata Nasser Road, Kampala, kwenye ile mitaa ya wachapaji. Gundi ndiyo iliyozua mjadala. Shangazi aliapa kwamba gundi ya dukani inaharibu picha, nipike uji mzito wa unga wa muhogo, ule ule wanaobandikia mabango ya uchaguzi. Nikapika. Unashika kweli, sikatai. Lakini picha za zamani zikilowa mgongoni hujikunja, kwa hiyo nikazianika kurasa uani, kila moja imekandamizwa na jiwe. Nikaingia ndani kuchukua mkasi. Kurudi, mbuzi wa sherehe, aliyekuwa amefungwa kwenye mwembe akisubiri siku yake, amekata kamba na anatafuna barua ya uhamisho wa Tororo. Muhuri ulikuwa umeshapita kooni. Mabango ya wagombea nimeyaona mara nyingi yakiliwa na mbuzi, na kila mara nilidhani ni siasa. Kumbe ni muhogo.

Nikanunua gundi ya dukani.

Sasa, lazima nieleze habari ya baiskeli. Hakuna mtu aliyezaliwa katika nyumba yetu asiyeijua. Mwaka 1971 Baba, kijana bado, alinunua Raleigh mpya. Kwenye madigadi ya nyuma akaichorea nyota nyeupe yenye ncha nne, maana ya tano ilikosa nafasi. Kabla mwaka haujaisha baiskeli ikaibwa. Mjomba, kaka yake Mama, ambaye wakati huo hata hakuwa shemeji bado, alizunguka na Baba Jinja nzima kuitafuta: sokoni, kwa mafundi, mpaka kituo cha polisi. Inasemekana alilia. Kwa wema ule Baba akampenda, akaanza kwenda kwao kumshukuru, na huko ndiko alikomwona Mama. Kwa maneno mengine, sisi sote tumezaliwa kwa sababu ya mwizi wa baiskeli. Mjomba huisimulia hadithi hii kila Krismasi, na kila mwaka umbali waliotembea unaongezeka.

Tatizo langu lilikuwa kwamba sikuwa na picha hata moja ya Baba na Mama kabla ya harusi. Mke wa mjomba akanisaidia. Akaniletea bahasha aliyoikuta kwenye makabrasha ya mumewe: “Chukua, mwanangu, ni watu wa kwenu, mimi hata siwajui.” Ndani yake, dhahabu! Picha ndogo ya nyeusi na nyeupe, ufukweni mwa ziwa. Kijana mwembamba mwenye afro na miwani ya jua, suruali pana chini, ameegemea baiskeli. Juu ya keria amekaa msichana mwenye mini, anacheka mpaka amefumba macho.

Nikafanya utafiti. Mini Amin alizipiga marufuku mwaka 1972, kwa hiyo picha ni ya kabla ya hapo. Baba alikuwa mwembamba. Baba alikuwa na baiskeli. Nikaibandika ukurasa wa kwanza na kuandika chini yake kwa wino wa fedha: “Mapenzi yalipoanza. Baba na Mama, Jinja, 1971.”

Siku ikafika. Hema, pilau, matoke, spika kubwa, majirani wote wa zile nyumba za Reli ambako Msoga, Mteso na Mjaluo walikutania kwenye Kiswahili. Mjomba ndiye aliyekuwa msemaji wa familia. Akasimama na suti yake ya kahawia, upara unang'aa, akaanza: “Mimi na huyu shemeji yangu tumetoka mbali. Hata baiskeli yake ilipoibwa...” Watu wakapiga makofi. Safari hii walifika mpaka Iganga kwa miguu.

Nikaleta kitabu. Baba akavaa miwani, akafungua ukurasa wa kwanza, akasoma maandishi yangu kwa sauti ili wote wasikie. Kisha akanyamaza. Akaisogeza picha karibu na pua.

“Huyu si mimi,” akasema.

Spika nayo ilikuwa imezimwa wakati huo, kwa hiyo hema zima lilisikia. Macho yote yakamgeukia Mama. Mama akachukua kitabu, akatazama, akakirudisha bila wasiwasi wowote.

“Na huyu si mimi. Mimi nilikuwa shule ya masista. Mini ningeivalia wapi?”

Banange! Kitabu cha miaka 50 ya ndoa, ukurasa wa kwanza, na wenye ndoa hawamo. Nilikuwa natafuta pa kujificha Baba aliposema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, “Leteni ile lenzi yangu.” Ikaletwa. Akainama. Kidole chake kikashuka taratibu kutoka kwa msichana, kikapita keria, kikasimama kwenye madigadi.

Nyota. Ncha nne.

Najua mtaniuliza kwa nini sikuiona. Nani hutazama madigadi kwenye picha ya mapenzi?

“Mtu simjui,” Baba akasema, “ila baiskeli ni yangu.”

Hapo ndipo Mjomba alipoanza kukohoa. Alikohoa mpaka akaletewa maji, na alipovua miwani kufuta machozi, Mama akaitazama picha, akamtazama kaka yake, akaitazama tena picha. “Kaka,” akasema, “ile afro ilikuwa yako.”

Mjomba hakukana. Alisema aliiazima tu, siku moja, kumtembeza rafiki. Halafu ikapata pancha. Halafu akaona haya kuirudisha. Halafu ikauzwa, hakumbuki vizuri na nani. Baba akataka alipwe: shilingi 350, bei ya mwaka ule. Hapo akaingia binamu yangu, mwalimu wa hesabu, ambaye hakuna aliyemwita. Akaeleza kwamba mwaka 1987 serikali ilipobadilisha fedha, shilingi 100 za zamani zilikuwa shilingi moja mpya, na juu yake wakakata asilimia 30. Kwa hiyo deni ni shilingi mbili na senti 45.

Mjomba akatoa sarafu ya 500, akaiweka juu ya meza. “Nirudishie chenji, shemeji.”

“Mwizi wewe!”

“Na ile rangi nyeupe ya nyota uliinunua duka gani? Si ya Reli ile?”

Baba akajifanya anatafuta kipaza sauti. Kwa bahati nzuri pilau ilipakuliwa, na mbele ya pilau kesi husimama. Walikula sahani moja, wakigombania mfupa.

Kitabu kimerudi kwangu kwa marekebisho. Baba anataka chini ya picha iandikwe “Baiskeli yangu, ikiwa na mwizi.” Mjomba anataka “mwazimaji”, na ananipigia simu karibu kila siku kuulizia limeamuliwaje. Nafasi ya jina la msichana nimeiacha wazi. Mke wa mjomba amesema nisiwe na haraka, jina hilo atalileta mwenyewe.