Lord Dufferin, jahazi lake, na sisi tulioondoka

Hapa Toronto kuna barabara ndefu iitwayo Dufferin, na wengi wetu tunaopanda basi lake kwenda kazini hatumjui mwenye jina. Mimi nimemsoma, na naona watu wa nyumbani wangefaidika kumjua, hasa sasa ambapo habari ya kazi majuu haikosi kwenye mikutano ya siasa Kenya.

Alikuwa mwenye ardhi wa Clandeboye, County Down, kaskazini mwa Ireland. Alizaliwa 1826, akaingia siasa upande wa chama cha Liberal, akawa waziri chini ya Gladstone, waziri mkuu wa Uingereza, kisha Gavana Mkuu wa Kanada kuanzia 1872 hadi 1878, na baadaye akatawala India kwa niaba ya Malkia. Ila mapenzi yake yalikuwa bahari. Mwaka 1856 alitweka tanga la jahazi lake la starehe, Foam, akapanda nalo hadi Iceland, akafika kisiwa cha Jan Mayen katikati ya barafu, akaishia Spitsbergen, kisiwa cha kaskazini kabisa karibu na ncha ya dunia. Katika barua alizochapisha mwaka uliofuata anasimulia habari ya jogoo waliyempakia. Kadiri usiku ulivyozidi kufupika, jogoo alichanganyikiwa, hajui awike saa ngapi, mwisho akajitupa baharini. Nilimwonea huruma sana. Mtu aliyezoea magharibi ya saa kumi na mbili na nusu kule Kilifi, akija huku mwezi wa Juni akangoja isha mpaka saa nne na nusu usiku imepita, anamwelewa jogoo yule.

Dufferin hakuwa na roho mbaya. Mwaka 1847, akiwa bado kijana wa chuo cha Oxford, alikwenda Skibbereen, mji wa kusini mwa Ireland, kuiona njaa kuu ya Waireland kwa macho yake, akaandika kijitabu kuwaeleza Waingereza aliyoyaona. Lakini miaka 20 baadaye aliandika kitabu kingine kuhusu kuhama kwa Waireland, na hapo ndipo mimi na yeye tunapoachana. Kwa hoja yake, watu walikuwa wengi kuliko ardhi, kuhama kulikuwa nafuu, na wenye mashamba wasibebeshwe lawama. Anayesema hivyo ndiye mwenye shamba! Yeye aliondoka kwa jahazi lake, akarudi alipotaka. Alifia hukohuko Clandeboye mwaka 1902.

Waireland wenzake walioikimbia njaa hawakurudi. Mwaka huohuo wa 1847, Waireland wapatao 38,000 waliteremka Toronto, mji uliokuwa na watu kama 20,000 tu. Zaidi ya 1,100 walikufa hapa. Pale Ireland Park, kando ya ziwa, majina ya waliofahamika yamechongwa ndani ya nyufa za mawe. Lazima usogeze uso karibu ndipo uyasome. Kuna sanamu ya mwanamume aliyenyanyua mikono kwa kufika, na karibu yake mwanamke amelala chini.

Kanada imenitendea mema, sitaficha. Mshahara unaingia siku yake, na mtoto akiugua usiku hospitali hawaniulizi pesa mlangoni. Lakini maziko ya baba niliyatazama kwenye simu, na hilo halina fidia.

Kwetu Pwani tunaijua hadithi hii ya ardhi. Tangu ile sheria ya kikoloni ya hati za ardhi ya 1908, iliyotaka kila anayedai ardhi aisajili, familia nyingi zimeishi kama maskwota kwenye viwanja walivyozaliwa wao na babu zao, mwenye hati yuko mbali, pengine hata hawajawahi kumwona. Kisha anasimama kiongozi, naye ana ekari zake, anawaambia vijana heri iko ng'ambo na pesa watakazotuma zitajenga nchi. Nikimsikiliza namsikia Dufferin wa 1867.

Kijana wa Kilifi akinipigia kuuliza aje au asije, simkatazi. Namweleza baridi, kodi ya nyumba, na jinsi ya kupata kazi ya kwanza. Ninachodai ni kwamba viongozi wetu wasimsifie safari kabla hawajamaliza kesi ya shamba analoliacha nyuma.