Ororo Aliondoka Bila Kuaga

Giant-Size X-Men namba 1, ya mwaka 1975, ni komiki ninayoipenda, na nimeisoma tena juzi bila pendo hilo kupungua. Ila kuna kurasa chache, zile za Kenya, ambazo kila nikizifikia nashindwa kuzipita hivihivi.

Kwa asiyeifahamu: X-Men, kikosi cha mashujaa wenye nguvu zisizo za kawaida, walibuniwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1963, vijana watano, wote Wamarekani weupe. Mauzo yakadorora, na kuanzia 1970 komiki yao ikawa inarudia hadithi za zamani tu. Mwandishi Len Wein na mchoraji Dave Cockrum ndio walioifufua. Profesa Xavier, kiongozi wa X-Men, anazunguka dunia kukusanya kikosi kipya: Nightcrawler wa Ujerumani, Wolverine wa Kanada, Sunfire wa Japani, Thunderbird Mwapache wa Arizona, na wengineo. Kenya anamkuta Ororo, atakayeitwa Storm. Mwanamke mweusi, Mwafrika, anaingia kikosini akiwa na nguvu kuliko karibu wote, si mtumishi wala mateka. Kwa mwaka 1975 hilo lilikuwa jambo kubwa, na heshima hiyo Wein na Cockrum wanastahili.

Sasa tazama anavyochukuliwa Colossus, kijana wa Siberia. Trekta linamwendea dada yake mdogo shambani. Anakimbia, mwili unageuka chuma, trekta linasambaratika. Xavier anapomwita, kijana anauliza kama nguvu zake si mali ya taifa lake. Kisha anawageukia wazazi, nao wanamruhusu. Anaondoka na baraka za nyumbani.

Kwa Ororo, wanakijiji wamekuja kuomba mvua. Anainuka, mawingu yanajikusanya, mvua inanyesha. Xavier anatokea na kumwambia kwamba yeye si mungu bali ni myutanti, yaani mtu aliyezaliwa na nguvu zisizo za kawaida, na ana wajibu kama wenzake. Anakubali kumfuata, imetoka hiyo! Hakuna mzee aliyeulizwa, hakuna mama aliyeagwa, na katika umati ule wote hakuna hata mmoja mwenye jina. Kinachoniuma zaidi ni hilo la wajibu. Mtu ametoka kuwanyeshea watu mvua sasa hivi, halafu mgeni anakuja kumfundisha wajibu! Miaka ileile Sahel na Ethiopia zilikuwa zimetoka kupigwa na ukame ulioua watu wengi mno. Mvua haikuwa pambo la hadithi.

Na Kenya yenyewe ya 1975 haimo. Nairobi ilikuwa na chuo kikuu, magazeti, hata makao makuu ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa. Komikini tunaona watu wamepiga magoti tu.

Wapo watakaosema kurasa zilikuwa chache, kulikuwa na wahusika wengi na Krakoa, kisiwa chenye uhai, cha kupigana nacho. Ni kweli, lakini nafasi ya wazazi wa Colossus ilipatikana.

Chris Claremont, aliyeushika uandishi baada ya hapo, alimpa Ororo asili kamili: mama binti wa kifalme wa Kenya, baba Mmarekani mweusi mpiga picha, utoto wa uyatima na wizi Cairo, kisha safari ndefu ya miguu kuelekea kusini. Ni hadithi nzuri, ingawa kijiji kile hakikupata kitu. Mwaka 1985 ndipo, katika Uncanny X-Men namba 198 iliyochorwa na Barry Windsor-Smith, Claremont alimrudisha Afrika akiwa amepoteza nguvu zake zote. Hapo hatimaye anakaa na mzee mwenye jina, kwenye kijiji chenye njaa, na kumsikiliza. Mazungumzo yaliyokosekana 1975 yanafanyika akiwa hawezi tena kuleta hata tone. Ukiipata ile ya kwanza, itafute na hii, uzisome kwa pamoja.