Tuambieni bamvua ni lini

Masika yakikaribia, mabango huota kabla ya majani. "Tupambane na mabadiliko ya tabianchi." Fulana, kofia, warsha ya siku mbili hotelini, chai na sambusa, picha ya pamoja, kwaherini. Halafu inanyesha usiku mmoja tu, na Kisauni, hapa Mombasa, watu wanachota maji chumbani kwa karai. Hao ndio waliohamasishwa.

Haya, nikubali: bila makaratasi ya warsha hata pesa za miradi ya tabianchi haziteremki kwenye wadi, na Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 inataka mwananchi ashirikishwe. Ameshirikishwa. Sasa muulize kesho afanye nini.

Ugonjwa huu unaanzia juu. Oktoba 2023 Rais Ruto alitangaza kwamba El Niño haiji, mvua itakuwa kubwa lakini si ya kuharibu. Novemba Mombasa ikafurika, na mpaka msimu unakwisha nchi ilikuwa imezika watu zaidi ya 100. Kosa halikuwa la kipimo, lilikuwa la tafsiri. Mtabiri huchukua rekodi za miaka 30, akazipanga kutoka msimu mkavu hadi uliolowa zaidi, akazigawa mafungu matatu ya miaka kumi kumi. Akisema uwezekano wa mvua "juu ya wastani", yaani ya fungu lililolowa zaidi, ni asilimia 45, basi asilimia 55 zimebaki kwa mafungu mawili mengine. Redioni inakuwa "mvua itazidi". Isipozidi, watu wanacheka, na mwaka wa pili hawasikilizi tena.

Na hizo milimita za tahadhari za mvua! "Zaidi ya milimita 20 katika saa 24." Mama wa viazi karai azifanyie nini? Mwambieni hivi: milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la mita za mraba 50 likipigwa milimita 20 linamwaga lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20, kutoka nyumba moja. Zidisha kwa mtaa mzima, kisha mtazame ule mtaro uliojaa chupa na mchanga.

Lakini mvua ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni bahari, na hapa ndipo uhamasishaji wa serikali unaponitoa ushungi. Kila mvuvi anajua kwamba bamvua, yaani siku bahari inapojaa na kupwa kupita kiasi, hufuata mwezi: siku moja mbili baada ya kuandama, na tena baada ya kupevuka. Mji huu hugombania mwezi kila Ramadhani, hamtukuti hatuna habari nao! Kwetu maji ya bamvua hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kati ya saa nne na saa tano. Baina ya kujaa na kupwa, bamvua kubwa hukaribia mita 4. Maji mafu, yale ya siku bahari inapojaa na kupwa kidogo, hayafiki hata nusu yake. Bamvua kubwa zaidi huja karibu na Machi na Septemba, jua linapokuwa juu ya ikweta, basi masika na vuli zote mbili zinaanza bahari ikiwa imepanda. Mtaro unaomwaga baharini au kwenye hori ya Tudor, mdomo wake ukishafunikwa, hautoi kitu. Maji ya mvua yanasimama, ya chumvi yanarudi, na yote yanakutana sebuleni kwako. Tangu 1901 bahari duniani imepanda kama sentimita 20. Ukiwa kando ya mtaro, sentimita 20 ni kizingiti cha mlango.

Basi tangazo la maana lingekuwa hivi: "Jumatano usiku mvua kubwa, na ni bamvua. Bahari itajaa saa kumi alfajiri. Kuanzia saa nane hadi saa kumi na mbili mitaro ya mitaa ya chini haitatoa maji. Pandisheni unga, godoro na vyeti. Soketi zikiwa chini, zimeni umeme kwenye mein-swichi kabla maji hayajaingia. Maji ya kisima msinywe bila kuchemsha. Vyoo vya shimo vitafurika." Lisomwe msikitini baada ya Isha, kanisani, kwa mzee wa mtaa, kwenye tuktuk.

Mitaro izibuliwe Februari, na taka ziondoke siku hiyohiyo. Zikilazwa ukingoni, mvua ya kwanza inazirudisha ndani. Midomoni pawekwe vifuniko vya bawaba vinavyofunguka maji yakitoka na kujifunga bahari ikisukuma. Chupa moja ikikwama kwenye bawaba, kifuniko ni pambo, kwa hiyo awepo mtu wa kukikagua kabla ya kila bamvua, alipwe.

Mikoko? Pandeni, lakini si kwa ajili ya kamera. Miti hiyo ina aina zake: mlilana ndio unaokaa mbele baharini, na ule uitwao mkoko hasa nyuma yake. Mchomeke miche ya mkoko kwenye tope tupu linalofunikwa karibu siku nzima, mrudi baada ya miezi mitatu mkaokote vijiti.

Jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari ya Kilindini lipo, limepigwa hesabu kwa mwaka mzima, na nahodha wa meli hakosi nakala. Chifu wa Likoni anayo?