Papai na shubiri kwenye kidonda: lini zinasaidia, lini zinachelewesha

Yupo daktari anayekataza kila jani kwenye kidonda kwa kuhofia uchafu, na wapo wanaotetea miti shamba. Hawa hupenda kutaja papai, na wana hoja. Katika hospitali ya Royal Victoria mjini Banjul, Gambia, papai lililopondwa lilipakwa kila siku kwenye majeraha ya moto ya watoto, hata yaliyoingia usaha. Utomvu wake una papaini, kimeng'enya kilekile kinacholainisha nyama ya mishikaki. Kwenye kidonda huyeyusha nyama iliyokufa, ile ya kijivu yenye utelezi ambamo bakteria hujificha.

Basi kazi ya papai ni kusafisha. Kidonda kikishakuwa chekundu, kina vipunje vya nyama mpya na kinatoa damu kidogo kikiguswa, liachwe. Ukiendelea, utomvu utachubua ngozi ya pembeni, hasa wa tunda bichi kabisa. Wapo pia wenye mzio, na anayedhurika na glovu za mpira yumo hatarini zaidi. Mwaka 2008 Marekani ilizuia marhamu za papaini zisizosajiliwa, kwa sababu baadhi ya watumiaji walishuka shinikizo la damu ghafla.

Shubiri ina kosa lake, nalo huanzia kwenye kukata. Chini ya ganda kuna maji ya njano, machungu, yanayowasha. Ute mweupe wa katikati ndio unaotakiwa. Kata jani nene la chini, lisimamishe kwenye kikombe dakika 15 njano ichuruzike, lioshe, limenye, kisha lioshe tena. Kwa aliyeungua kidogo juu ya ngozi, tangulia na maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Ute ufuate, nao hutuliza kweli. Kidonda kilichoingia ndani ni habari nyingine. Utafiti wa mwaka 1991 ulifuatilia wanawake ambao mishono ya upasuaji wa tumbo ilikuwa imeachia: waliopakwa shubiri walipona kwa wastani wa siku 83, wasiopakwa siku 53.

Kwa hiyo daktari anayekataza kila jani anakosea kidogo, ila hofu yake ya uchafu ni ya haki kabisa. Dawa iliyotwangwa kwenye kinu chenye udongo huweza kubeba vijidudu vya pepopunda.

Mwenye kisukari mwenye kidonda cha mguu asijaribu lolote kati ya haya nyumbani. Ganzi ya miguu humnyima kusikia utomvu ukimchoma, na kidonda huweza kufika mfupani huku juu kikionekana kimefunga.