Shikamoo ya mapema: mvi za ujanani, kupaka au kuacha

Dada wa miaka 27 anapanda daladala ya Mwenge. Konda anamwambia, "Mama, sogea nyuma kidogo," na binti wa sekondari anainuka kumpisha kiti huku akimwamkia shikamoo. Hakuna aliyevunja adabu hapo. Ameheshimiwa, tena kuliko anavyostahili, na kero yenyewe ndiyo hiyo. Mswahili hamsalimu mgeni kabla hajamkadiria umri, na kipimo chake cha haraka ni kichwa. Mvi zikiwahi, mwenye kichwa ama ataitikia marahaba isiyo yake, ama ataanza kumweleza mtu asiyemjua, mbele ya abiria, kwamba yeye bado msichana. Na yote hayo ni nafuu kuliko kuamkiwa na mtu aliyekuzidi miaka mitano.

Ushauri huja bila kuombwa. Wa kwanza atasema paka, mbona umejizeesha? Wa pili atasema acha, mvi ni heshima, na atakunukulia Mithali 16:31, kwamba kichwa chenye mvi ni taji ya utukufu. Wote wawili wana hoja. Ila ni wachache kati yao wanaouliza mvi zimetoka wapi, rangi ina nini ndani yake, na kazi ya kuipaka itarudiwa mara ngapi.

Tuanze na umri. Madaktari wa ngozi huziita mvi za mapema zikianza kabla ya miaka 20 kwa Wazungu, 25 kwa watu wa Asia na 30 kwa Waafrika. Kwa kawaida Mwafrika huanza kuota mvi katikati ya miaka ya arobaini, Mzungu katikati ya thelathini. Kwa hiyo aliyeona nywele tatu nyeupe kwenye panja akiwa na miaka 34 amewahi machoni pa shangazi zake, lakini kitabibu hana cha kuelezea.

Unywele wenyewe hauna uhai. Rangi huingizwa chini kwenye shina, ndani ya ngozi, na seli zinazotengeneza melanini. Seli hizo zikipungua au zikiacha kazi, unywele unaofuata unatoka mweupe tangu chini. Uliokwisha kutoka haubadiliki, ndiyo maana habari ya mtu aliyelala na nywele nyeusi akaamka na nyeupe ni hadithi. Sababu kubwa ni urithi: mwaka 2016 watafiti waliochunguza zaidi ya watu 6,000 wa Amerika ya Kusini na Meksiko walikuta jeni iitwayo IRF4 ikihusika na mvi. Ukitaka kujua kichwa chako kinaelekea wapi, muulize baba, mama na wajomba zako walianza na umri gani.

Na ile kauli ya "hizo ni mvi za mawazo"? Wazee hawakukosea kabisa. Mwaka 2020 watafiti wa Harvard walionyesha kwamba panya wakitiwa msongo mkali, mishipa ya fahamu humwaga noradrenalini, kemikali ya msongo, kwenye mashina ya manyoya na kumaliza akiba ya seli za rangi. Mwaka uliofuata, watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walipima nywele za watu 14, moja moja, wakakuta baadhi zilizokuwa zikitoka nyeupe zimeanza tena kutoka na rangi pale msongo ulipopungua. Lakini zilikuwa nywele chache, na mtu mwenye kichwa cheupe nusu asitegemee likizo ya wiki mbili imrudishie weusi. Sigara nayo imo: uchunguzi wa Jordan uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta wavutaji wana uwezekano wa takriban mara mbili na nusu wa kuota mvi kabla ya miaka 30.

Kuna wachache ambao kwao mvi ni dalili ya ugonjwa, na hao ndio wanaoumizwa na ubishi huu, kwa sababu wanapaka kwanza na kwenda hospitali baadaye. Wa kwanza ni mwenye upungufu wa vitamini B12. Vitamini hii hupatikana kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa, na mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku. Anayeikosa mara nyingi ni asiyekula kabisa vitu hivyo, anayetumia metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi, au ambaye tumbo lake haliwezi kuifyonza. Akiwa na mvi pamoja na ganzi ya miguu, ulimi laini unaowaka na uchovu usioisha, apimwe damu. Asijinunulie vidonge vya foliki asidi kwa kudhani ni upungufu wa damu wa kawaida: vitaipandisha damu, majibu yatapendeza, huku neva zikiendelea kuharibika. Wa pili ni mwenye matatizo ya tezi ya shingo: kuhisi baridi, kunenepa bila sababu, hedhi kuvurugika. Wa tatu ni mwenye nywele nyeupe zilizojikusanya sehemu moja, ngozi ya chini yake nayo ikiwa nyeupe. Huyo huenda ana mbalanga. Na mtoto aliyezaliwa na kishungi cheupe juu ya paji la uso apimwe masikio, kwa kuwa upo ugonjwa wa kurithi unaoleta kishungi hicho pamoja na uziwi.

Kwa wenye upungufu wa B12 au tatizo la tezi, wapo ambao rangi ilirudi baada ya matibabu. Kwa waliorithi, hakuna kinachorudisha. Maji ya kitunguu, mafuta ya habasoda, vidonge vya biotini vinavyouzwa mtandaoni kwa picha za kabla na baada, vyote hivyo havifiki kwenye seli iliyokwisha kufa. Kung'oa nako hakuongezi mvi kama inavyosemwa, kila shina lina unywele wake, lakini kunaumiza shina na kuacha vipele, na upara mdogo kwenye panja unaonekana kuliko unywele mmoja mweupe.

Sasa hoja za wanaosema paka. Heshima ya mvi hailingani kwa wote. Wakili kijana mwenye mvi mbili tatu huaminiwa na wateja mapema kuliko wenzake; msichana wa umri uleule akienda kutambulishwa ukweni huulizwa chini chini amezaliwa mwaka gani. Mwanamume huambiwa zimempendeza, mwanamke huambiwa amechoka. Katika hali hiyo, kumwambia mwanamke asipake kwa kuwa mvi ni taji ni kumpa taji lenye mzigo ambao anayeshauri haubebi. Na kwa mtu ambaye kazi yake ni kukutana na wageni kila siku, mapokezi ya hoteli kwa mfano, kuepuka maswali hayohayo kila asubuhi kunatosha kuwa sababu.

Dini haiko upande mmoja kama inavyodhaniwa. Katika Uislamu kung'oa mvi kumekatazwa, lakini kuzibadilisha rangi kumehimizwa. Alipoletwa Abu Quhafa, baba yake Abu Bakr, kichwa cheupe pe, Mtume aliamuru kibadilishwe kwa kitu ila weusi uepukwe. Wanazuoni wamekhitalifiana kuhusu uzito wa katazo hilo la weusi. Ndiyo asili ya ndevu nyekundu za hina unazoziona Mombasa na Lamu. Ila hapa kijana anakwama: ndevu za hina huvaliwa na wazee, kwa hiyo akipaka nyekundu ili kuficha mvi anaongezewa miaka kumi mingine.

Basi anakwenda kwenye nyeusi, na nyeusi ya dukani mara nyingi ina PPD (parafenilenediamini). Kemikali hii hupenya ndani ya unywele, huchanganyika na dawa ya kuioksidisha, hugeuka nyeusi na kunasa humohumo, ndiyo maana haitoki kwa kuosha. Umoja wa Ulaya unaruhusu isizidi asilimia 2 kwenye mchanganyiko unaopakwa kichwani, na hauruhusu kupakwa kwenye ngozi. Watu wa Pwani wanaijua kwa jina jingine: piko. Ileile rangi ya nywele inayokorogwa nzito na kuchorwa mikononi na miguuni mwa bibi harusi ili ua litoke jeusi. Sampuli za "hina nyeusi" za kuchora mwilini zilizopimwa maabara katika nchi mbalimbali zimewahi kukutwa na PPD zaidi ya asilimia 15.

Jambo hili halisemwi vya kutosha saluni. Aliyechorwa piko akiwa na miaka 12 kwenye harusi ya dada yake, mkono ukawasha na kutoa malengelenge yaliyofuata ua lilivyochorwa, mwili wake umeshaiweka PPD katika orodha ya maadui, na haiondoi. Akija kupaka nywele miaka kumi na tano baadaye, anaweza kuamka macho yamevimba hayafunguki na kichwa kinatoa maji. Mtu wa namna hii asijaribu hata kidogo nyumbani. Wengine wote wafanye jaribio kila wanapofungua chupa mpya: koroga tone dogo kama maelekezo yanavyosema, paka ndani ya kiwiko eneo la ukubwa wa shilingi, acha likauke, subiri saa 48 bila kuosha. Ikiwasha au ikiwa nyekundu, mwaga. Saa 48 hazifupishwi, kwa kuwa mzio wa PPD huchelewa kutokea. Unga wenyewe uwekwe mbali na watoto; nchini Sudan na Pakistani, ambako PPD huuzwa tupu, wako waliokufa kwa kuinywa, koo likivimba ndani ya saa chache na figo zikifuata.

Kuhusu saratani, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, halikupata ushahidi wa kutosha dhidi ya anayepaka nywele zake mwenyewe. Kazi ya ususi na unyozi lakini limeiweka kwenye kundi la zinazoelekea kusababisha saratani. Anayehitaji glavu na dirisha wazi kuliko wote, kwa maneno mengine, ni yule dada anayekupaka.

Wenye nywele zilizotiwa dawa wana kikwazo cha ziada. Dawa ya kulainisha na rangi ya kudumu zote hufungua magamba ya unywele. Zikifuatana siku moja, nywele hukatika vipande vipande kuanzia kisogoni. Tia dawa kwanza, subiri wiki mbili, ndipo upake.

Wanaokimbia PPD wanaweza kupata weusi kwa hina na nili, kwa gharama ya nusu siku. Kwa nywele zinazofika shingoni, gramu 100 za hina safi zikorogwe kwa maji ya vuguvugu hadi ziwe kama uji mzito, ziachwe saa mbili hadi nne, zipakwe kwenye nywele zilizooshwa zisizo na mafuta, zifunikwe kwa mfuko wa plastiki saa mbili au tatu, kisha zisuuzwe. Mvi sasa zimekuwa rangi ya chungwa, usiogope. Koroga gramu 100 za unga wa majani ya nili, ongeza chumvi kidogo, subiri dakika 15 tu, paka, acha saa moja na nusu, suuza kwa maji matupu. Shampuu ingoje siku mbili, weusi unaendelea kukolea. Wanaoharibu ni wale wanaoiacha nili bakulini saa nzima ikafa nguvu, wanaoruka hina wakatoka na mvi za kijani, na wanaonunua buluu ya kufulia nguo kwa kuwa nayo huitwa nili. Pakiti iliyoandikwa hina lakini inatoa weusi kwa dakika 30 si hina, ni piko.

Hoja yenye uzito zaidi upande wa kuacha, kwa maoni yangu, ni hesabu. Nywele za Mwafrika hukua kama milimita 8 kwa mwezi. Wiki tatu baada ya kupaka una mstari mweupe wa nusu sentimita kwenye kila mgawanyo wa nywele, na mstari huo dhidi ya weusi wa chupa hupiga kelele kuliko mvi zenyewe. Anayepaka kila wiki nne anapaka mara 13 kwa mwaka. Akianza na miaka 25 hadi 45, mara 260. Aliyesuka rasta yuko pabaya zaidi, maana mistari yote ya kichwa iko wazi na nyuzi namba 1 ni nyeusi kuliko nywele yoyote ya binadamu. Achanganye namba 1B, nyeusi isiyokolea sana, na nyuzi chache za kijivu, mizizi itapotea humo.

Kwa mwanamume anayenyoa kila wiki mbili, rangi ya kichwani ni pesa ya bure. Kinyozi anaondoa Jumamosi hii kile alichokipaka wiki mbili zilizopita. Ndevu ni kesi nyingine, ngozi ya uso ni nyepesi na rangi huichafua. Aache, au azinyoe.

Mwenye nywele ndefu ambaye mvi hazijafika robo ya kichwa, rangi ya muda inayofifia baada ya kuoshwa mara sita hadi kumi na mbili inamtosha. Haiachi mstari mkali. Zaidi ya robo, na ikiwa kazi au nyumba inamdai weusi, apake akijua ameingia mkataba wa kila mwezi. Kuutoka si kwepesi. Sentimita 15 za nywele zilizopakwa zinahitaji miezi kama 19 ili zote ziote upya, kichwa kikiwa cha rangi mbili muda wote huo, na dawa za kuvua weusi huacha nywele kama katani. Wengi huvumilia hadi mwezi wa nne, wakaenda kwa kinyozi wakaomba mashine namba 2.